Shekeli Zisipokubali: Kutafuta Kosa Unapogeuza Kilo Kuwa Uzani wa Waebrania

Dirii ya Goliathi ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nimewaandalia wanafunzi wangu wa Biblia karatasi mbili za vipimo, ya pili ikiwa imeifuata ya kwanza kwa mwaka mmoja, na mama mmoja aliyezitunza zote akaniletea baada ya kipindi. "Mwalimu, hii inasema kilo 57, hii inasema 42. Tushike ipi?" Nikafungua 1 Samweli 17:5. Shekeli 5,000. Nikarudia hesabu za karatasi zote mbili, na kuzidisha kulikuwa sahihi kwenye zote. Kilichotofautiana ni shekeli yenyewe: karatasi moja ilifuata shekeli ya Yuda, nyingine ya Babeli.

Gawanya 57 kwa 42, unapata karibu 1.35. Tangu siku ile, jibu likikataa, jambo la kwanza ninalofanya ni hilo: nachukua majibu mawili yanayogombana, nagawanya kubwa kwa dogo, natazama uwiano. Kosa la vipimo huwa halipotei bila kuacha alama. Uwiano wa 1.2 una chanzo chake, wa 1.25 una chake, wa 1.35 una chake. Ukiujua uwiano, umekaribia kumjua mkosaji.

Mwongozo huu ni wa anayetoka kwenye kilo na gramu kwenda kwenye shekeli, mina na talanta. Wengi huanza upande wa pili, lakini nimeona wanafunzi hushika maana upesi zaidi ukiwauliza mfuko wa saruji ni talanta ngapi kuliko ukiwatajia kwamba talanta ni kilo kadhaa.

Namba za kushika kwanza

Kwa nyakati za ufalme wa Yuda, karne ya 8 hadi mwanzo wa karne ya 6 K.K., shekeli moja ni gramu 11.33. Namba hii haikutoka kwenye aya yoyote ya Biblia. Imetokana na kupimwa kwa mamia ya mawe ya mizani yaliyochimbuliwa Yerusalemu, Lakishi, Aradi na miji mingine ya Yuda: vijiwe vya chokaa, chini bapa, juu mviringo kama kuba, vingi vikiwa na alama ya shekeli na tarakimu. Waebrania nao waliita kipimo hicho "jiwe", vile vile muuza unga sokoni anavyosema "weka jiwe la kilo mbili". Kumbukumbu la Torati 25:13 inapokataza mawe ya namna mbili mfukoni, msomaji wa Kiswahili aliyewahi kupunjwa dukani haihitaji tafsiri.

Kutoka hapo, gera 20 ni shekeli moja (Kutoka 30:13), beka ni nusu shekeli (Kutoka 38:26), mina nitaichukua kuwa shekeli 50, na talanta ni mina 60, yaani shekeli 3,000. Kwa gramu: gera 0.57, beka 5.67, mina 566.5, talanta 33,990, ambayo kwa matumizi ya kawaida ni kilo 34.

Usiikubali ile 3,000 kwa sababu nimeitaja mimi. Fungua Kutoka 38:25-26. Wanaume 603,550 walitoa kila mmoja nusu shekeli. Hizo ni shekeli 301,775. Aya inasema jumla yake ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Toa 1,775, zinabaki 301,000 ukikosea kutoa na 300,000 ukitoa vizuri. Gawanya hizo 300,000 kwa 100. Maandiko yenyewe yamekupa hesabu iliyofungwa, na ni nadra sana kupata bahati hiyo kwenye vipimo vya kale. Kila nikitengeneza jedwali jipya, hesabu hii ndiyo ninayolijaribia kabla ya nyingine zote.

Kuna vipimo vitatu vya haraka vya kichwani. Kilo moja ni shekeli 88. Ratli moja ya gramu 454 ni shekeli 40, tena kwa ukaribu wa kushangaza (40 mara 11.33 ni 453.2). Na mfuko wa saruji wa kilo 50 ni karibu talanta moja na nusu. Jibu lako likipishana na hivi, endelea kusoma.

Jibu limeruka mbali kabisa

Kilo moja ikitoka shekeli 11,330, umezidisha mahali pa kugawanya. Ikitoka 0.088, umesahau kugeuza kilo kuwa gramu. Haya ni mepesi.

Linalosumbua watu zaidi ni la nukta na mkato, hasa kwa wenzetu wa Kongo na Burundi ambao kompyuta zao zimepangwa kwa Kifaransa. Kompyuta ya Kiingereza ukiiandikia 11,33 kwenye Excel, huenda ikaichukulia kuwa maandishi, au ikauona ule mkato kuwa wa maelfu na kusoma 1133. Ikisoma 1133, jibu lako linakuwa dogo mara mia. Kompyuta ya Kifaransa ukiiandikia 11.33, inaichukulia kuwa maandishi, na fomula inarudisha alama ya kosa. Ukipokea jedwali la mtu wa nchi nyingine, andika kwenye seli tupu fomula ya 1 gawanya kwa 2 uone kama inaleta 0.5 au 0,5. Utajua unazungumza na kompyuta ya namna gani. Kwa mpangilio wa Kifaransa, hata vitenganishi ndani ya fomula hubadilika, mkato unakuwa nuktamkato.

Na ukiandika "shekeli" kwenye mtambo wa kutafuta ukaletewa bei ya kubadilisha fedha, hiyo ni shekeli mpya ya Israeli iliyoanza mwaka 1985. Sarafu yake ya shekeli moja ina gramu 4. Imerithi jina tu, uzani haikurithi.

Uwiano ni 1.35 au 1.12

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Shekeli ya Babeli ilikuwa karibu gramu 8.4, na vitabu vingi vinaitaja karibu na ile ya Yuda bila onyo. Ukigawanya gramu kwa 8.4, kila kitu kinakuwa na shekeli nyingi kuliko inavyotakiwa: kilo moja inakuwa shekeli 119 badala ya 88.

Ila usitosheke na kutazama shekeli peke yake. Tazama na talanta. Babeli walihesabu shekeli 60 kwa mina na mina 60 kwa talanta, hivyo talanta yao ilikuwa na shekeli 3,600, karibu kilo 30. Ukiwa umetumia mfumo wa Babeli mzima, shekeli zako zitapotoka kwa 1.35 lakini talanta zitapotoka kwa 1.12 tu. Tofauti hiyo ndogo kwenye talanta huwadanganya watu, wakadhani ni suala la kukadiria. Kwa upande mwingine, ukiwa umechukua gramu 8.4 za Babeli ukazihesabu 3,000 kwa talanta kama Yuda, utapata talanta ya kilo 25.2, ambayo hakuna mfanyabiashara wa Babeli wala wa Yerusalemu angeitambua.

Tiba si kufuta Babeli. Ukiandika kuhusu Danieli au watu wa uhamishoni, huenda shekeli ya 8.4 ndiyo inayofaa. Kosa ni kuchanganya nusu ya mfumo huu na nusu ya ule.

Uwiano ni 1.2 kamili

Hili ndilo kosa gumu kuliko yote, kwa sababu lina vyanzo vitatu vinavyotoa namba ile ile.

Cha kwanza ni mina. Ezekieli 45:12, kwa maandishi ya Kiebrania, inataja shekeli 20, na 25, na 15 kuwa mina. Jumlisha: 60. Lakini tafsiri ya kale ya Kiyunani, katika baadhi ya nakala zake, inaisoma aya hiyo tofauti na kuishia kwenye shekeli 50. Hesabu ya Kutoka 38 nayo inakubaliana na 50, kwa sababu 3,000 gawanya kwa 60 ni 50. Jedwali moja likikuambia mina ni gramu 680 na jingine gramu 566, wala usitafute nani amekosea kuzidisha. Mmoja amefuata 60 na mwingine 50. Maoni yangu ni kwamba mtu anayeshughulika na ufalme wa Yuda abaki na 50, na akifika Ezekieli aandike pembeni kwamba nabii aliandika akiwa Babeli, mahali ambapo kila kitu kilihesabiwa kwa sitini.

Cha pili ni talanta, kwa njia ile ile: 3,600 badala ya 3,000. Ukiona talanta ya kilo 40.8, mtu amechukua shekeli ya Yuda akaihesabu kwa idadi ya Babeli. Dhahabu ya Sulemani ya 1 Wafalme 10:14, talanta 666, ni tani 22.6 kwa talanta ya kilo 34. Kwa ile ya kilo 40.8 inakuwa tani 27 na zaidi. Tofauti ya zaidi ya tani nne za dhahabu imetokana na kukosea kuchagua 60 au 50, na wala haina uhusiano na Sulemani.

Cha tatu ni gera, na ndicho kilichonichukua muda mrefu kukielewa. Biblia inasema gera 20 kwa shekeli, tena inarudia mara kadhaa: Kutoka 30:13, Walawi 27:25, Hesabu 3:47, Ezekieli 45:12. Kurudia huko kuna sababu. Mtu hakumbushi wenzake idadi ya gera mara zote hizo kama hapakuwa na idadi nyingine iliyokuwa ikitumika mitaani. Na kweli vijiwe vidogo vya gera vilivyochimbuliwa Yuda vimewafanya watafiti wengi waseme kwamba sokoni shekeli ilihesabiwa gera 24. Gera ya 20 ni gramu 0.57, gera ya 24 ni gramu 0.47. Kwa maneno ya Kutoka, "shekeli ya mahali patakatifu" ndiyo ya gera 20.

Kwa hiyo ukikutana na 1.2, uliza imejitokeza wapi. Ikiwa shekeli zako ziko sawa lakini gera ndizo zimepotoka, ni 20 na 24. Ikiwa gera na shekeli ziko sawa lakini tatizo linaanza kwenye mina likaendelea hadi talanta, ni 50 na 60. Ikiwa mina iko sawa lakini talanta pekee imepotoka, mtu amezidisha mina ya 50 kwa 72 kwa kulazimisha kufikia 3,600. Nimeliona hilo la mwisho mara moja tu, kwenye jedwali lililopita mikononi mwa watu wengi.

Uwiano ni 1.25

Kama unafanya kazi na picha za mawe yenyewe, chanzo ni maandishi ya Misri. Waandishi wa Yuda walichora tarakimu kwenye mawe kwa mwandiko wa Kimisri, na jiwe la shekeli 4 lilichorwa alama ya 5, la 8 alama ya 10, la 16 alama ya 20, la 24 alama ya 30, la 40 alama ya 50. Mtu asiyejua hili anapima jiwe lenye alama ya 10, anapata gramu 90 na kidogo, anagawanya kwa 10, anatangaza shekeli ya gramu 9.

Maelezo yake yanapendeza. Misri walikuwa na kipimo kilichoitwa debeni, karibu gramu 91, kilichogawanywa kwa kedeti 10. Shekeli 8 za Yuda ni gramu 90.6. Jiwe moja, basi, lilitosha masoko mawili: Myuda aliliona la shekeli nane na Mmisri aliliona la kedeti kumi. Kwa msafiri wa kati ya Yerusalemu na Misri, mfuko mmoja wa mawe ulitosha. Debeni hii, kwa taarifa, haina undugu na debe letu la kupimia mahindi.

Kama huna habari na mawe, na unasoma Agano Jipya, 1.25 inatoka Tiro. Fedha iliyokubalika kulipia kodi ya hekalu nyakati za Yesu ilikuwa sarafu ya Tiro, yenye shekeli ya karibu gramu 14. Nusu-shekeli ya Mathayo 17:24 ni hiyo, karibu gramu 7, na si beka ya Kutoka. Vipande 30 vya Yuda Iskariote, vikiwa vya Tiro kama wanavyoona wengi, ni gramu 420 za fedha. Kwa shekeli ya kale vingekuwa 340.

Hapo hapo niseme: ukifika Agano Jipya, ondoa jedwali la Waebrania mezani. Talanta ya Kiyunani ya Attika ilikuwa karibu kilo 26. Mawe ya mvua ya Ufunuo 16:21, yenye uzani kama wa talanta, na talanta za mfano wa Mathayo 25, zimeandikwa kwa Kiyunani kwa watu walioishi chini ya Roma. Uwiano wa 1.3 kwenye talanta mara nyingi ni huu.

Uwiano ni karibu 1.7 au 1.8, au ni 2

Ukikuta shekeli ya gramu 19 au 20, imetoka kwenye sheria ya marabi. Hao walipima shekeli kwa punje za shayiri, na kwa hesabu yao shekeli tano za kumkomboa mzaliwa wa kwanza hulipwa leo kwa takriban gramu 100 za fedha. Ni hesabu sahihi kwa kazi yake, kwa watu wanaoishika sheria hiyo. Haifai kupimia dirii ya Goliathi.

Uwiano wa 2 kamili, angalia kwanza kama hukuchukua beka ukaiita shekeli. Kama sivyo, umekutana na vipimo vizito na vyepesi vya Ashuru na Babeli, ambavyo vilikuwa na mina moja yenye uzani mara mbili ya nyingine. Simba wa shaba waliochimbuliwa Nimrud, ambao sasa wako British Museum, ni mawe ya mizani ya namna hiyo.

Desimali imesomwa vibaya

Chukua mfuko wa saruji. Gramu 50,000 gawanya kwa 11.33 ni shekeli 4,413. Toa talanta moja, 3,000, zinabaki 1,413. Gawanya kwa 50: kikokotoo kinaonyesha 28.26. Hapa mwanafunzi anaandika "talanta 1, mina 28 na shekeli 26", na amekosea. Ile .26 ni sehemu ya mina, na mina ina shekeli 50, kwa hiyo .26 mara 50 ni shekeli 13. Jibu ni talanta 1, mina 28, shekeli 13. Ni kosa lile lile la kusoma saa 2.30 kuwa saa mbili na nusu wakati kikokotoo kinamaanisha saa mbili na dakika kumi na nane.

Ugonjwa huu una dalili moja nzuri: shekeli zako zikizidi 49, au mina zikizidi 59, ujue umesoma desimali. Zikiwa chini ya hapo hutaona chochote, na ndiyo maana ni hatari. Njia salama ni kurudisha jibu nyuma. Talanta mara 3,000, mina mara 50, jumlisha na shekeli zilizobaki, linganisha na shekeli ulizoanza nazo.

Kwenye Excel, ikiwa gramu ziko A2, weka jumla ya shekeli B2 kwa =ROUND(A2/11.33,0). Talanta ni =INT(B2/3000), mina ni =INT(MOD(B2,3000)/50), shekeli ni =MOD(B2,50). Usiiache ROUND hadi mwisho. Gramu 566 bila ROUND ni shekeli 49.956, fomula inaona mina haijatimia, kisha seli inaonyesha baki kama 50, na jedwali lako linasema "mina 0, shekeli 50". Nilikaa na kosa hilo wiki nzima nikidhani fomula ya mina ndiyo mbovu.

Wakia, ratli na tola

Maneno yetu wenyewe yana mtego. Wakia ya duka la kawaida ni gramu 28.35, sawa na shekeli 2.5. Wakia ya dhahabu, ile inayotajwa kwenye bei za dunia, ni gramu 31.1, sawa na shekeli 2.75. Uwiano wa 1.1 unatoka hapo, kwa hiyo ukigeuza pete au mkufu, uliza kwanza ni wakia ipi.

Tola ya sonara ni gramu 11.66. Iko karibu mno na shekeli, na nimewasikia watu wakisema ni kitu kile kile. Kwa pete tofauti haionekani. Kwa talanta, kosa la asilimia 3 linafika kilo moja.

Ratli ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu imo ndani ya Biblia yetu. Yohana 19:39 inasema Nikodemo alileta manemane na uudi "yapata ratli mia". Msomaji anayejua ratli ya gramu 454 anapata kilo 45. Lakini neno la Kiyunani pale ni litra, ratli ya Kirumi ya karibu gramu 327. Ni kilo 32.7, pungufu kidogo ya talanta moja ya Yuda. Ratli ya marhamu ya nardo ya Yohana 12:3 ni hiyo hiyo, kama shekeli 29 na si 40.

Hesabu haikubali hata kuanza

Mtu anataka kugeuza kilo mbili za unga kuwa efa na hapati namba ya kuunganishia. Haipo, kwa sababu efa, homeri, bathi na hini ni vipimo vya ujazo. Kutoka 16:36 kwenye Biblia ya Kiswahili inasema pishi ni sehemu ya kumi ya efa, na kwetu pishi nayo ni chombo cha kujaza. Pishi ya mchele na pishi ya unga hazina uzito mmoja. Pima unga wako kwa lita kwanza.

Na ukikutana na "vipande" vya fedha kwenye vitabu vya Musa, vigeuze kwa uzani. Enzi za Yusufu sarafu zilikuwa hazijabuniwa. Ibrahimu kwenye Mwanzo 23:16 alimpimia Efroni fedha, shekeli 400, yaani kilo 4.5. Jina shekeli lenyewe linatokana na kitenzi cha Kiebrania cha kupima kwa mizani.

Tofauti ni ndogo na haiondoki

Umepitia yote, bado jiwe fulani linakupa 11.5 na jedwali lako linasema 11.33. Hapo acha kutafuta. Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya jiwe la shekeli mbili lililopatikana karibu na Ukuta wa Magharibi wa Yerusalemu, lenye gramu 23. Nusu yake ni 11.5, na ni jiwe zuri, la halali. Mawe yalichongwa kwa mkono, yakasuguliwa, mengine yamemeguka kwa miaka 2,600. Tofauti ya asilimia moja au mbili ndiyo hali yake. Mawe ya beka yana wastani wa karibu gramu 6, mazito kidogo kuliko nusu kamili ya 11.33, na hakuna hesabu itakayoyanyoosha.

Ndiyo maana kuandika kwamba kilo moja ni shekeli 88.2613 ni kumdanganya msomaji kwa desimali. Andika 88. Halafu pembeni, kwa herufi ndogo kama una nafasi finyu: shekeli ya Yuda, gramu 11.33, mina ya 50. Maneno hayo machache ndiyo yaliyokosekana kwenye karatasi zangu mbili, na yangemwondolea yule mama swali lake.

Uwiano ni 1.5

Nimeuacha huu mwisho kwa sababu mara nyingi anayeupata hajakosea. Ameshika pimu.

1 Samweli 13:21 inaeleza Waisraeli walivyokwenda kwa Wafilisti kunoa majembe yao, na ndani yake kuna neno hilo, pimu, ambalo watafsiri wa zamani hawakulielewa. Ile ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, iliweka "tupa". Walikisia kutokana na habari ya kunoa. Kisha wachimbaji wa karne ya 20 wakaanza kukutana na vijiwe vya kuba vilivyoandikwa neno hilo hilo, herufi kwa herufi, kila kimoja karibu gramu 7.7. Theluthi mbili za shekeli. Lile neno lilikuwa bei. Mkulima alipeleka jembe lake, Mfilisti akaweka kijiwe cha pimu upande mmoja wa mizani, na fedha ikamiminwa upande wa pili mpaka ikalingana.

Ukitaka kuigeuza kwa wanafunzi, chukua gramu 7.7, gawanya kwa 11.33, na utapata 0.68. Waache wakuulize kwa nini haikutoka 0.67 kamili.